MIAKA YA FOLENI: PIMA BEI KWA JEMBE

Leo tunaweka kando kidogo habari za wadudu na mbolea. Tuzungumze juu ya uchumi. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, uchumi ni mambo ya wakubwa, sisi yetu ni jembe." Hapana, ndugu zangu. Uchumi wa nchi huanza kwenye jembe hilohilo, na ukiharibika hurudi kwenye jembe hilohilo.

Wazee wetu wanaikumbuka vizuri miaka ile tangu mwisho wa 1978 hadi katikati ya miaka ya 1980. Mimi nilizaliwa baadaye. Nimeyapata kwa wazee na katika vitabu. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga na betri za redio vilipotea madukani. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyechoka aliweka jiwe limshikie nafasi. Unga wa sembe ulipokosekana, watu walikula ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, wakauita unga wa yanga kwa ajili ya rangi yake. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli.

Je, shida hiyo ilitoka wapi? Sababu zilikuwa nyingi, na zilikuja zikifuatana.

Kwanza, bei ya mafuta ya petroli duniani ilipanda mara mbili, mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Pili, ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kutumia fedha zake za kigeni kununua chakula. Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, tukalazimika kuanzisha shirika letu la reli na la ndege kwa gharama kubwa. Nne, Idi Amin alivamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Vita vile vilikula fedha nyingi, na malori na mabasi yaliyokuwa yakibeba mazao na abiria yalichukuliwa kubeba askari. Tano, bei ya kahawa, iliyopanda sana baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imeshaanza kushuka.

Hizo ni sababu zilizotoka nje ya uwezo wetu. Lakini ipo nyingine ya nyumbani, na hiyo ndiyo inayotuhusu sana sisi wakulima. Hebu tuchukue mfano wa korosho, zao tunalolifahamu watu wa Pwani.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hatukufikisha tani 20,000. Mikorosho haikukatwa yote. Ilikuwaje basi? Watu walihamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji, wakaacha mikorosho yao mbali, nayo ikamezwa na pori. Ugonjwa wa ubwiriunga uliingia, ukakausha maua. Tena vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mkulima akabaki na mnunuzi mmoja tu, yaani mamlaka ya zao, aliyepanga bei na wakati mwingine kuchelewesha malipo. Bei kwa shilingi iliongezeka kidogo kidogo, lakini bei ya jembe, nguo na sabuni ilikimbia mbele yake.

Mkulima si mjinga. Alipoona kilo zake za korosho hazimnunulii tena jembe, aliacha kupalilia mikorosho akapanda muhogo wa kula. Ndivyo ilivyokuwa kwa mazao mengine pia. Sasa angalia gurudumu linavyozunguka: mazao yakipungua, fedha za kigeni zinapungua. Fedha za kigeni zikipungua, hakuna chuma cha kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, hakuna vipuri vya malori, hakuna petroli. Viwanda vingi vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Jembe likaadimika, na lililopatikana likauzwa kwa bei ya ulanguzi. Mkulima akakata tamaa zaidi, na gurudumu likazunguka tena.

Serikali iliwasaka walanguzi mwaka 1983, na walikuwapo kweli. Lakini kumkamata mlanguzi hakuongezi jembe hata moja. Mwaka 1984 iliruhusu watu wenye fedha za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje, na mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ikapunguzwa thamani: dola moja iliyokuwa shilingi 17 ikawa shilingi 40. Vitu vilirudi madukani, lakini bei zilikuwa kubwa. Kati ya mwaka 1974 na 1988 mshahara wa mfanyakazi, ukiupima kwa vitu unavyonunua, ulipungua kwa zaidi ya robo tatu.

Watu wa mji waliishije basi? Waliishi kwa shamba. Karani, mwalimu na hata mkubwa wa ofisi walishika jembe. Mchicha ulilimwa bonde la Msimbazi, kuku na ng'ombe walifugwa nyuma ya nyumba, na mihogo ilipandwa Mbagala, Tegeta na Kigamboni. Mshahara ulikuwa wa wiki moja. Shamba lilimaliza mwezi.

Ndugu msikilizaji, utaniuliza, "Hayo yamepita, yananihusu nini leo?" Yanakuhusu. Mwaka 2022, baada ya vita kuanza nchi ya mbali ya Ukraine, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea ulipita shilingi 100,000 hapa kwetu, mpaka serikali ikatoa ruzuku. Shida ya dunia haibishi hodi. Kwa hiyo nawaombeni mshike mambo manne.

La kwanza, pima bei kwa jembe, usipime kwa shilingi. Weka daftari. Andika kila msimu: jembe moja ni kilo ngapi za zao langu? Mfuko wa mbolea ni kilo ngapi? Kama mwaka jana ilikuwa kilo 5 na mwaka huu ni kilo 8, umepunjwa, hata kama shilingi mkononi zimeongezeka. Nenda na daftari hilo kwenye mkutano wa ushirika, ukaulize.

La pili, usikose sehemu ya chakula. Robo eka ya muhogo, kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, inachukua mashina kama 1,000. Tumia mbegu safi, kwa mfano Kiroba, inayostahimili michirizi ya kahawia. Usichukue vipande kwenye shamba lenye batobato. Muhogo unakungoja ardhini; unachimba leo shina mbili, kesho tatu.

La tatu, tengeneza mboji na tunza samadi ya kuku na ng'ombe. Mbolea ya zizini haiulizi bei ya dola.

La nne, usiuze ardhi yote. Huko Bunju na Chamazi viwanja vinauzwa kila siku. Sikukatazi kuuza; mtoto anasoma, mgonjwa anatibiwa. Lakini fedha ya kiwanja inaweza kuliwa na bei katika miaka michache, kama ilivyoliwa mishahara ya wakati ule. Bakiza japo robo eka.

Na ile mikorosho? Wakulima walipopata salfa ya kuzuia ubwiriunga na bei iliyoeleweka, waliirudia. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mkulima akilipwa jasho lake, hahitaji kusukumwa.