Serikali Yenye Mikono Mitatu



Leo tunataka kusema juu ya utawala wa inchi ya Marekani. Neno demokrasi tunalisikia kila siku, na tukiulizwa maana yake tunajibu: ni kuchagua wakubwa. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Mutu aliyechaguliwa na wote anaweza kuwaonea wote. Wamarekani walifikiri neno hili tangu mwanzo.

Zamani walikuwa makoloni 13 chini ya mufalme wa Uingereza. Baraza la London liliwatoza kodi, nao hawakuwa na mujumbe hata mumoja ndani yake. Tarehe 4 Julai 1776 walitangaza uhuru wao kwa maandiko. Walisema kwamba watu wote wameumbwa sawasawa, na kwamba nguvu ya serikali inatoka kwa watu wanaotawaliwa.

Mwaka 1787 wajumbe wao walikutana Philadelphia, wakaandika sheria ya musingi. Shauri lao kubwa lilikuwa hili: nguvu zote zisikae katika mukono mumoja.

Sisi makarani tunalifahamu shauri lile. Karani anayeandika siku za kazi si yule anayelipa feza dirishani, na anayekagua hesabu ni mwingine tena. Si kusema kwamba wote ni wezi. Lakini mutu mumoja akishika kalamu, sanduku na ufunguo, mufanya kazi aliyepunjwa atalalamika kwa nani?

Mukono wa kwanza wa serikali yao ni Kongresi, inayofanya sheria na kukubali matumizi ya feza. Ina vyumba viwili. Katika Seneti kila jimbo lina wajumbe 2, likiwa kubwa au dogo. Katika chumba kingine wajumbe wanagawanywa kwa hesabu ya watu. Mukono wa pili ni Prezidenti, anayechaguliwa kwa miaka 4 na kutimiza sheria. Anaweza kukataa sheria ya Kongresi, lakini wajumbe wakiishikilia kwa sehemu mbili juu ya tatu katika kila chumba, inapita. Mukono wa tatu ni tribinali.

Mutauliza: mukubwa anatii kweli? Sikieni. Mwezi wa 4 mwaka 1952, wakati wa vita ya Korea, wafanya kazi wa viwanda vya chuma walitaka kugoma kwa ajili ya musahara. Prezidenti Truman aliogopa jeshi kukosa chuma, akatoa amri serikali ishike viwanda. Wenye viwanda walishitaki. Tarehe 2 mwezi wa 6, waamuzi 6 juu ya 9 walisema hakuna sheria iliyompa ruhusa ile. Wawili kati ya wale 6 aliwaweka Truman mwenyewe! Akarudisha viwanda. Hakuna mwamuzi aliyefukuzwa, hakuna aliyefungwa. Na wafanya kazi nao wakagoma.

Lakini tusidanganyane, wandugu. Watu wale walioandika kwamba wote ni sawa, wengi wao walikuwa na watumwa. Katika kugawa wajumbe, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, nao hawakuwa na kura. Ilipasa vita, 1861 mupaka 1865, ndipo utumwa ukakatazwa. Wanawake wa inchi nzima walipata haki ya kura mwaka 1920. Watu weusi wa majimbo ya kusini walizuiwa kwa hila na kwa vitisho, mupaka walipoandamana, wakapigwa, na sheria ya 1965 ikawafungulia njia. Maandiko mazuri hayakutembea yenyewe, watu waliyasukuma.

Basi, mutu akija kwenu kusifu serikali yake, musimuulize tu kama alichaguliwa. Mumuulize mambo matatu. Nani anafanya sheria? Nani anakagua feza? Na nani anaweza kumwambia mukubwa «hapana», na usiku ule akalala nyumbani kwake na watoto wake?

Akishindwa kujibu neno la tatu, jueni kwamba munaye mufalme, hata kama mulimupigia kura.