Kila Mtu na Sehemu Yake



Hapa Gatongora, kama kwingi katika Ruiru na Thika, majirani wengi ni wapangaji. Mtu huja kwa ajili ya kazi, hukodi chumba, na Jumapili huingia kanisani. Huketi kiti cha nyuma. Baada ya miezi mitatu haonekani tena, wala hakuna amwulizaye. Je, alikuwa mmoja wetu?

Wengine watajibu: Tuanzishe timu ya mpira. Ni shauri jema. Mpira huwafunza vijana kupeana pasi na kumsaidia mwenzao aliyepitwa. Mwaka 1987, Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia, Wakenya wa makabila mengi walishangilia pamoja.

Lakini mpira una mipaka miwili. Uwanjani huingia 11 tu, nao ni wale wenye miguu myepesi. Tena umoja wao unahitaji mshindani. Asipokuwapo wa kushindwa, hakuna ushindi.

Sasa tazameni mchezo wa kuigiza. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga kwa mikono yao jukwaa lisilo na paa. Walicheza "Ngaahika Ndeenda", yaani "Nitaolewa Nikipenda", mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika mbele ya watu wote. Mwanakijiji aliyesikia mzee wa mchezoni akisema kama kijana alisahihisha, na waandishi wakakubali. Hivyo hata asiyepanda jukwaani aliweza kuwa na neno lake ndani ya mchezo.

Mchezo ule ulitusema vikali sisi Wakristo, na si wote waliopendezwa. Serikali iliufutia kibali Novemba 1977, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hata hivyo, angalieni jinsi kazi ile inavyofanyika. Katika maigizo hakuna timu ya upande wa pili. Anayeigiza tajiri mwovu na anayeigiza maskini aliyedhulumiwa hugombana mbele ya watu, kumbe wanasaidiana: mmoja akisahau maneno yake, mwenzake humwokoa. Na mshona nguo akikosekana, hata mwenye sehemu kubwa hana la kuvaa.

Sisemi kwamba waigizaji ni watakatifu. Wako wanaogombea sehemu kubwa, kama walivyo wachezaji wasiotoa pasi. Ugomvi wa namna hiyo ulikuwako hata Korintho. Ndiyo maana Paulo Mtume, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 12, anatufananisha na viungo vya mwili mmoja, ambavyo hakuna hata kimoja cha kudharauliwa.

Ndugu zangu, mara nyingi tunaendesha kanisa kama timu. Kwaya ina sauti zake zilizokwisha chaguliwa, kamati ina watu wake, na mgeni hungoja nafasi itokee. Tunampigia makofi ya kumkaribisha, kisha tunamwacha palepale. Makofi hayatoshi. Mtu hujua kwamba yu nyumbani siku anapokosekana, na kazi ikamngoja.

Basi juma hili, mtafute mmoja wa kiti cha nyuma. Usingoje mpaka umjue kabila lake na kijiji alikotoka. Mpe sehemu: asome somo, apange viti, awafundishe watoto wimbo anaoujua yeye. Na akikosea, asichekwe, mwenzake amwokoe.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hukumwacha mtu mlangoni. Utufundishe kusogea, ili mwingine apate pa kusimama na kazi ya kufanya pamoja nasi. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.