Kuulinda Moyo wa Mgonjwa wa Sepsisi



Kidonda kidogo au homa ya mapafu huweza kuzaa sepsisi, yaani hali ambayo mwili, katika kupigana na vijidudu, hujidhuru wenyewe. Moyo nao huweza kutanuka na kupungukiwa nguvu za kusukuma damu. Lakini mgonjwa akinusurika, mara nyingi hurejea hali yake baada ya siku 7 hadi 10.

Basi hulindwaje? Kwanza, kwa kupewa dawa ya kuua vijidudu pasipo kukawia. Pili, kwa kiasi katika maji ya mshipani. Uchunguzi wa watoto 3,141 wenye homa kali katika Uganda, Kenya na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2011, ulidhihirisha kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, 7 tu. Ziada hiyo ilitokana hasa na kushindwa kwa moyo na mishipa. Watoto wenye kuhara hawakuhusika, kwani kwao maji ni uhai.

Mzazi aonaye mtoto ana homa, ahema mbio, na miguu yake i baridi, asingoje kupambazuke.