Breki Kubwa, Tairi Kipara

Magari madogo ya Kijapani ya miaka ya mwanzo ya 2000, zile Vitz na Demio zenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, mengi yake yana diski mbele na dramu nyuma. Mwenye gari akipata fedha kidogo na Jumapili isiyo na shughuli, huanza kuzitazama dramu hizo kama aibu. Anataka diski magurudumu yote manne, au diski za mbele zilizo pana kuliko za kiwandani, na kazi yenyewe ataifanya uani kwa jeki na spana zake. Kufanya kazi nyumbani sikupingi. Ninachopinga ni mpangilio wa matumizi: shilingi ya kwanza inakwenda kwenye ukubwa wa breki, ilhali karibu kila mara ugonjwa wa gari la zamani uko kwingine.

Tuanze na kinacholisimamisha gari. Breki huzuia gurudumu lisizunguke. Kinachong'ang'ania barabara ni tairi. Chukua gari hilo dogo likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu. Ukikanyaga kwa nguvu zako zote, breki za kiwandani zilizo nzima zinaweza kuyafunga magurudumu, au kuiamsha ABS kama gari linayo. Tangu hapo mwenye kuamua ni mshiko wa tairi. Kwa tairi zuri, hesabu ya fizikia inatoa mita kama 32 kutoka pale breki zinaposhika hadi gari kusimama. Mvua ikinyesha na tairi likawa kipara, mshiko ukapungua hadi nusu, umbali huo unakuwa mita 64. Diski kubwa haipunguzi hata mita moja katika hizo zilizoongezeka, kwa kuwa breki ilishafanya yote iliyoweza kufanya. Mtu aliyenunua diski za matundu huku akiendesha kwa matairi manne ya mtumba yaliyokauka amenunua pambo.

Mwenye kubisha ana hoja moja nzito, nayo ni joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na diski nene yenye chuma kingi hubeba joto zaidi kabla pedi hazijaanza kuteleza. Ni kweli. Barabara ya kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni mfano mzuri: takriban kilomita 30 za kona, na tofauti ya kimo inakaribia mita 1,000. Kuteremka kimo hicho kwa mwendo uleule, ukiacha kiasi kinachomezwa na injini na upepo, ni kazi sawa na kulisimamisha gari kutoka kilomita 80 kwa saa mara 40, liwe tupu au limejaa abiria. Lakini tazama ni nini hushindwa kwanza katika gari lenye umri wa miaka 20. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hicho kinaridhika na nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hukandamizika, na pedeli inazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Diski zako zingekuwa pana kama sinia, pedeli ingezama vilevile. Kumwaga mafuta ya zamani na kujaza DOT 4 mapya, ambayo hata yakiwa na maji hayo hutakiwa kuvumilia nyuzi 155, ni uboreshaji wa kweli wa breki, na bei yake haifikii hata robo ya seti ya diski. Kushuka kwa gia ndogo hakugharimu chochote.

Kisha kuna mizani, na hapa ndipo ubunifu wa uani unaponitia hofu. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele tayari lina uzito mwingi mbele. Ukikanyaga breki kwa nguvu uzito mwingine hukimbilia huko, hata zaidi ya robo tatu ya mzigo wote inakaa kwenye magurudumu mawili ya mbele. Ya nyuma yanabaki mepesi. Wahandisi walilijua hilo, ndiyo maana waliweka dramu ndogo nyuma na mara nyingi vali ya kupunguza presha inayokwenda huko. Ukifunga nyuma diski kutoka gari jingine bila kuigusa vali hiyo, una hatari ya magurudumu ya nyuma kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari ambalo mkia wake umejifunga kwenye kona yenye maji hugeuka lenyewe. Mbele nako kuna hesabu yake. Kalipa yenye pistoni kubwa hudai mafuta mengi zaidi, na masta silinda ya zamani inasukuma kiasi kilekile, kwa hiyo mguu unashuka zaidi kabla breki hazijashika. Bado hujakuta kwamba rimu ya inchi 13 haiingii juu ya diski mpya, wala kwamba breki ya mkono ilikuwa ndani ya ile dramu uliyoitupa.

Nitaulizwa: kama dramu si duni, mbona magari mengi mapya yana diski kote? Diski hupoa haraka na hukauka haraka baada ya kupita kwenye maji, sibishi. Hata hivyo Volkswagen, ilipotoa gari lake dogo la umeme ID.3, ilirudisha dramu nyuma. Mota ya gari la umeme husaidia kupunguza mwendo, hivyo breki za nyuma hazitumiki sana, na dramu iliyofunikwa haishiki kutu kirahisi. Vitz si gari la umeme, najua. Ila mfano huo unaonyesha kwamba mhandisi hupima kazi inayotakiwa kufanywa na gurudumu lile.

Wengine watasema pedeli yao ni laini mno na wanataka diski zitakazoifanya iwe ngumu. Golf za kizazi cha kwanza zilizouzwa Uingereza zinajibu vizuri. Usukani ulihamishwa kulia, lakini busta na masta silinda vikabaki kushoto, na pedeli ikaunganishwa navyo kwa fito iliyovuka upande hadi upande. Ulaini unaolalamikiwa na wenye Golf hizo unatoka kwenye fito na bushi zake, na diski kubwa haiwezi kuufikia. Kwenye magari yetu, pedeli laini mara nyingi ni hewa kwenye mfumo, mipira ya breki iliyozeeka ikawa inavimba, au shuu za nyuma zisizoajastiwa kwa muda mrefu. Gari likivuta upande mmoja, chunguza pini za kalipa zilizoganda kutu kabla hujanunua kitu.

Pingamizi la mwisho ni la upande wa pili: kwamba breki zisiguswe kabisa na mtu asiye fundi. Nakubali nusu. Kubadili pedi pande zote mbili za ekseli, kusafisha pini, kubadili mipira na kutoa hewa ni kazi zinazorudisha gari kwenye hesabu ya kiwandani, na kosa lake hujionyesha pedeli ikipimwa kabla gari halijasogea. Kubadili ukubwa wa kalipa na diski kunaanzisha hesabu mpya, na kosa la mizani halionekani uani. Linaonekana siku ya kukanyaga ghafla. Aliyeongeza turbo, au anayeshindana kwenye rali, ana sababu ya kweli ya diski kubwa, na huyo awe na mtu wa kumpimia presha ya mbele na nyuma. Wengine waanze na matairi na mafuta, na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.