Fimbo Nyepesi kwa Wazee Wetu

Ndugu zangu wa vikundi, leo nasema juu ya fimbo. Si ya kuchungia mbuzi, bali ya kutembelea. Mzee akianguka kwenye mteremko avunjike nyonga, nyumba nzima inaumia: mbuzi anauzwa, na mtoto anaacha shule ili amtunze.

Basi tuchague namna gani?

Kwanza, uzito. Mpingo unapendeza macho, lakini ni mzito hata majini unazama. Mti mwembamba mkavu, ulionyooka, usio na ufa wala tundu la wadudu, unatosha. Ile ya alumini ya dukani ni nyepesi na urefu wake hurekebishwa. Kikundi kikiwa na akiba, sawa. Lakini msikope kwa ajili yake.

Pili, urefu. Mzee avae viatu, asimame wima, mikono ining'inie. Kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ndefu inainua bega; ikiwa fupi inainamisha mgongo.

Tatu, ncha ya chini. Ivisheni mpira wa tairi kuukuu isiteleze. Mpira ukilika, badilisheni.

Tena, mguu wa kulia ukiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na ule mguu mgonjwa.

Siku ya mwethya, mkimaliza kuchimba matuta, kila mmoja amchongee fimbo mzee mmoja wa jirani. Lakini mpimeni kwanza mwenyewe, msikisie.