Walichotuficha Katika Sigara

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi



Hatukuja kumsuta mtu mwenye sigara mfukoni. Wengi wetu tulianza kuvuta kazini, maana mwenye sigara hupumzika dakika tano na asiye nayo huendelea kubeba. Tumekuja kwa jambo moja ambalo wenye makampuni walilijua na mvutaji hakuambiwa.

Katika tumbaku mna kitu kiitwacho poloni, nacho hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Bibi Marie Curie na mumewe walikigundua mwaka 1898, wakakipa jina la nchi alikozaliwa bibi, Polandi, iliyokuwa wakati ule chini ya wafalme wa kigeni. (Hilo sisi twalifahamu.)

Hakuna aliyeitia poloni makusudi. Ardhi ina urani kidogo, na mbolea ya fosfeti inayo pia. Kutokana na urani hutokea gesi ya radoni, nayo hewani hugeuka vumbi la risasi yenye miali. Vumbi hilo hunaswa na vinyweleo vya jani la tumbaku. Aliyechuma tumbaku kule Migori anajua jinsi mikono inavyonata! Risasi hiyo huchukua miaka 22 kupungua nusu, na muda wote huo inazaa poloni. Basi kuliweka jani ghalani hakusaidii.

Miali ya poloni ni minyonge, karatasi moja huizuia. Ukiishika sigara mkononi haikuunguzi. Lakini moto wa sigara huigeuza poloni kuwa mvuke, ikaingia na moshi mpaka mapafuni, na huko hakuna karatasi. Kichungi hakiizuii yote. Wala tusitie chumvi: moshi una sumu nyingine nyingi ziletazo kansa, na hii ni moja tu.

Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Harvard, Marekani, Bwana Radford na Bibi Hunt, walitangaza habari hii. Makampuni makubwa yakachunguza kimya kimya, yakajaribu kuiondoa poloni yasiweze, na uchunguzi wao wenyewe wakauzuia usichapishwe, watu wasije wakashtuka. Tumeyajuaje? Majimbo ya Marekani yaliyashtaki makampuni hayo katika miaka ya 1990, makaratasi yao ya siri yakafunguliwa, na mwaka 2008 wataalamu walioyasoma wakaandika yaliyomo.

Ndugu, tajiri akitupa dawa ya sumu tuishike kazini, twadai kujua ni nini. Kwa nini tusidai hivyo kwa kitu tunachokinunua kwa mshahara wetu?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekwisha kukataza kuvuta ovyo mahali pa watu wengi. Tunaomba kamati imwendee tajiri, chumba cha chai kiwe bila moshi, na dakika tano za kupumzika apewe kila mtu, mwenye sigara na asiye nayo.

Wenye maswali wabaki baada ya mkutano.