Barabara Zetu Bila Petroli: Nani Atalipa?



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Naona heri nieleze lita moja ya petroli. Anayejaza mafuta Temeke au Kinondoni hulipia barabara papo hapo, maana tozo imo ndani ya bei. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, ushuru wa mafuta ukapandishwa shilingi 40 kwa lita. Mwaka 2021 tozo ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA. Sisi watumishi tulifurahi: hakuna foleni, hakuna stika. Lakini tukabaki na kisima kimoja.

Sasa yameingia magari ya umeme. Hayanywi petroli, hivyo hayachangii tozo, na lami huichakaza vile vile. Abiria wa daladala la Mbagala, asiye na hata baiskeli, huchangia kupitia nauli. Mwenye gari zito la umeme kule Masaki hupita bure. Hilo linanikera.

Wapo wanaosema tuitie tozo katika LUKU. Jamani, tusithubutu! Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa humo mwaka 2021, wapangaji wengi walijikuta wakilipia nyumba za watu. Ndugu yangu mmoja wa Tandika, mwenye chumba kimoja, hadi leo hajarudishiwa hata senti. Tena mita haijui kama umeme umeingia kwenye betri ya gari au kwenye pasi ya sare za shule.

Huko New Zealand magari ya dizeli hulipa kwa kilomita tangu 1978, na ya umeme yakaunganishwa Aprili 2024. Mimi naafiki njia hiyo, mradi uzito nao uhesabiwe. Wahandisi hukadiria kuwa ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara karibu mara 16. Kwa kipimo hicho bajaji ya umeme karibu haina deni, nami ningeisamehe kabisa.

Najua mtaniuliza juu ya mita za kilomita zinazorudishwa nyuma. Nani hapa hajauziwa gari la namna hiyo? Basi msomaji wa mita awe mkaguzi, mara moja kwa mwaka, na asiyeleta gari lake alipe kiwango cha juu cha uzito wake.

Ndugu Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Naomba tuanze na wenye bajaji.